Posa ya Mtani

Mara tatu Mayige alimwambia Mzee Maftaha kwamba anampenda binti yake, na mara zote tatu mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

Mara ya kwanza ilikuwa dukani, mbele ya magunia ya chumvi. Mzee alimjibu, "Wewe Msukuma, nikikupa binti si utamlaza zizini na ndama?" Mara ya pili Mayige alimngoja nje ya msikiti siku ya Ijumaa, amechomekea shati na kuvaa viatu vya kamba. Mzee akawaita wenzake: "Njooni muone, mtani wangu leo kavaa viatu! Nani kafa?" Mara ya tatu Mayige alipiga magoti. Hiyo ndiyo iliyomchekesha mzee kuliko zote. Alimtupia pipi mbili kichwani, akamwambia ainuke asije akachafua sakafu.

Ndivyo utani unavyomnyonga mtu. Mayige alikuwa Msukuma wa Sapiwi, na Mzee Maftaha alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyefika Bariadi ujanani na kufungua duka. Tangu enzi za mababu Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani husema lolote asikasirikiwe. Mayige alikuwa ameifurahia ruhusa hiyo miaka mingi. Sasa ndipo alipojua kwamba mtu asiyekasirikiwa haaminiwi pia.

Mchana wa Alhamisi alikuwa kibandani kwake, nyuma ya soko, ameinamia redio ya mteja na chuma cha kuunganishia nyaya kwa risasi kikifuka moshi mkononi. Ulikuwa msimu wa pamba. Malori ya wanunuzi yalipita na kuacha manyoya meupe hewani, na manyoya hayo yaliingia katika kila kitu alichokifungua.

"Hodi, fundi."

Hakuinua macho. Alikuwa amekwisha kumsikia tangu alipokanyaga kokoto za mlangoni; kila Alhamisi huwa anazisikiliza kokoto zile.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?" Asumini, binti wa Mzee Maftaha, alijibu, na ulimi wake wa dukani ukaibana ile salamu kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

"Mhola duhu, salama tu. Siku hizi unakijua kuliko mimi. Kesho nitakukuta mnadani unaswaga ng'ombe."

"Swaga wewe. Inawaka?"

"Inawaka. Ila picha leo inapanda."

Asumini aliketi juu ya kreti la soda, akavuta mtandio ukafunika nywele zilizotoka kwenye paji la uso. Alikuwa na macho makubwa yaliyochoka, macho yaliyokuwa ya kaka yake pia. Wakati mwingine Mayige aliyatazama akashindwa kujua moyo unamuuma kwa sababu ya nani kati ya hao wawili.

Kilichowaka mbele yao ni mashine ya gemu. Ilikuwa mashine kuukuu. Ilitengenezwa Ujapani wakati Mayige bado anachunga ndama, ikachezewa na watoto wa huko mpaka wakaota ndevu, ndipo ikatiwa kwenye kontena na kushushwa Mwanza pamoja na pasi, majiko na redio. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya samli. Miaka ile kila kitu kilichochoka kwa wenzetu kilipata soko kwetu, na Imrani, kaka yake Asumini, alikuwa kijana wa kupenda vitu kama hivyo. Alipoiona kwenye meza ya muuza mitumba hakuuliza hata kama inafanya kazi. Alimwachia muuzaji baiskeli yake, akarudi Bariadi na Mayige juu ya lori, ameipakata kama mtoto.

"Umenunua jeneza la redio," Mayige alimwambia njia nzima.

"Utakuja kunipigia magoti ucheze."

Siku ileile Imrani aliichomeka kwenye jenereta ya mashine ya kusaga. Umeme wa Ujapani haufiki hata nusu ya wetu, na adapta yake ilikuwa imezoea upole. Ilitoa moshi kabla hajamaliza bismillahi. Mayige alicheka hadi akakaa chini. Kisha alikaa nayo siku nne, akaifungua, akatafuta njia ya kuiwasha kwa betri ya gari, akavuta waya mbili nyembamba kutoka tumboni mwake hadi kwenye televisheni ndogo isiyo na rangi. Siku ya tano vindege viwili vikapaa kwenye kioo, na Imrani akatimua mbio mpaka dukani kumwita baba yake. Mzee Maftaha alikuja, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo baiskeli imekuwa ndege," akarudi kuuza sukari.

Imrani hakuicheza hata miaka miwili. Alikufa mwezi wa Disemba kwa homa ya siku nne.

Mama yao alikuwa ametangulia zamani. Kwenye matanga Mzee Maftaha alikaa siku tatu kwenye mkeka bila kula, bila kusema, kama mtu aliyesahauliwa kuzikwa. Ndugu walimbembeleza, shehe akamsomea, hakuna aliyepokewa. Ndipo Mayige alipofanya kazi ya mtani. Aliingia chumbani kwa marehemu, akaibeba ile mashine kichwani, nyaya zikining'inia mgongoni, akatokea katikati ya waombolezaji akipiga kelele:

"Mjanja huyu Mzaramo! Nilikuwa namfunga kila siku, ameona aibu, amekimbilia kaburini! Mimi naondoka na mashine. Anayeitaka aje aikomboe na jogoo!"

Wanawake waliangua kicheko katikati ya kilio. Na Mzee Maftaha akainua kichwa. Alicheka, akacheka, kicheko kikageuka machozi, machozi yakamtoka kama ya mtoto, na yalipoisha akaomba uji.

"Jogoo sitoi," alimwambia Mayige jioni ile. "Kaa nayo."

Kwa watani, kitu kilichochukuliwa msibani hakirudi bure. Hukombolewa hata kwa yai moja. Akikirudisha mtani mwenyewe bila kukombolewa, maana yake ni moja: utani umekufa, na hata kwenye msiba wako usinitafute.

Basi mashine ikabaki kibandani. Mwezi wa pili Asumini alikuja kuuliza kama anaweza kuiona. Akaiona. Alhamisi iliyofuata akauliza kama anaweza kuishika. Akashika kishikio cha kuchezea cha kaka yake, na Mayige akamfundisha kurusha kindege. Baba yake alijua, akasema ni vizuri, aende akacheke na mtani. Hakuna aliyewaza kwamba watu wawili wanaotazama kioo kimoja iko siku watageuka watazamane.

"Geuza ule msumari wa nyuma, picha itulie," Asumini alisema sasa.

Mayige aligeuza taratibu. Picha ilipanda mara mbili, ikasimama. Vindege vyao vilitokea. Hakuna aliyebonyeza kitu.

"Wanakuja kesho," Asumini alisema.

"Nani?"

"Unajua ni nani. Watu wa Mwanza. Wanakuja kuchukua jibu la posa, baada ya sala ya Ijumaa."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi? Kwani nimeulizwa? Nimeulizwa kama mchele upikwe pilau au wali wa nazi."

"Ukasema?"

"Nikasema pilau. Nazi Bariadi utaitoa wapi?"

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi kilichokosa pa kwenda. Kwenye kioo vindege vyao viligongwa, vikalipuka kimya kimya.

"Mwambie tena," Asumini alisema. "Mwambie kwa namna ambayo hatacheka."

"Namna ipi? Nimevaa viatu, nimepiga magoti. Nikilia atasema Msukuma kafiwa na ng'ombe. Mwambie wewe."

"Nilimwambia juzi. Akasema, 'Usimsikilize, mwanangu, mtani wako anakutania.' Nikamwambia mimi ndiye ninayempenda. Akasema nimeshajua utani kuliko marehemu." Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mtume mama yako basi."

"Mama?" Mayige alitikisa kichwa. Mama yake, Nyanjige, alikuwa ametoa msimamo wake akiwa anakamua, bila hata kuacha chuchu. "Kasema hatii mguu kwenye nyumba ya watu wasiofuga. Anauliza nikipeleka ng'ombe wa mahari mtawaweka wapi, kwenye rafu za sabuni?"

"Kwani mimi naolewa na ng'ombe?"

"Ndiyo maneno niliyomwambia. Akanirushia maziwa."

Mayige alimtazama vidole. Vilikuwa vimekishika kile kishikio kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Twende Sapiwi," alisema ghafla. "Leo hii. Kwetu watu hutoroka, kisha wazee hupatana. Kaka yangu alioa hivyo."

Asumini alimgeukia. Alimtazama kwa muda mrefu, mtazamo ambao Mayige angeutunza maisha yake yote kama angeambiwa achague mmoja tu.

"Baba amebaki na mimi peke yangu," alisema. "Nikitoroka atakuwa amezika wawili. Unaweza kulala usingizi juu ya hilo?"

"Siwezi."

"Na mimi siwezi."

Nje mtu alikuwa akijadiliana na muuza mihogo. Asumini aliweka kishikio chini, akapapasa mgongo wa ile mashine, pale penye ufa.

"Irudishe," alisema.

"Nini?"

"Mrudishie mashine. Bila jogoo, bila chochote."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

"Nikiirudisha hivyo mimi si mtani wake tena. Siwezi kusema samahani, nilikuwa natania. Hakuna wa kunisamehe."

"Lakini hatacheka," Asumini alisema.



*

Ijumaa asubuhi hakufungua kibanda kwa wateja. Aliifungua mashine skrubu moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi la pamba kwa pampu ya baiskeli, akasugua meno ya shaba ya kaseti ya gemu kwa kitambaa chenye spiriti. Vishikio vilikuwa vimelegea vitufe. Alikata vipande vidogo vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akavibandika chini ya mipira iliyolika, ili kidole kikigusa, kindege kisikie. Alifanya kazi polepole kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza aliifunga, akaiwasha, ikawaka safi mara ya kwanza, picha imetulia. Ingekuwa heri ingekataa.

Saa nane alikuwa dukani. Mzee Maftaha alikuwa ametoka msikitini na kanzu yake nyeupe, anapanga vikombe vipya kwenye sinia kwa ajili ya wageni.

"Ah! Msukuma huyo! Umesikia harufu ya pilau toka Sapiwi? Nilijua tu. Pua ya Msukuma hainusi kitu ila ugali na msiba."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona shikamoo leo? Unataka kukopa nini?" Kisha akaona alichobeba. "Haa! Umeleta mateka! Asumini! Njoo uone, mtani amechoka kumsubiri jogoo!"

Mayige aliiweka mashine juu ya kaunta, na betri ya gari na ile televisheni ndogo pembeni.

"Sikutaka jogoo, mzee."

"Unataka mbuzi? Tamaa hiyo. Mbuzi sina, nina dagaa."

"Sitaki kitu. Nimeirudisha hivihivi."

Mzee alikuwa na kikombe mkononi. Kicheko kilikuwa tayari kimeshafika shavuni, kikakaa hapo, hakikuendelea, hakikurudi.

"Hivihivi vipi?"

"Bila kukombolewa."

Mzee alikiweka kikombe kwenye sinia. Alikiweka vibaya, kikalala, akakiacha.

"Mayige." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. "Unajua unachosema?"

"Najua, mzee."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilitaka unisikie, na sikuona njia nyingine. Nampenda Asumini. Nakuomba unipe nimwoe. Kama ni dini, nitasilimu, nimeshazungumza na shehe. Kama ni mahari, ng'ombe wapo, nitawauza mimi mwenyewe mnadani. Kama ni kazi, mikono ninayo. Sitanii."

Mzee Maftaha aliketi juu ya gunia la sukari. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa.

"Kwa hiyo zile mara tatu…"

"Zote kweli."

"Hata ile ya magoti?"

"Hata ile ya magoti."

"Laa ilaha illa Llah." Mdomo wake ulitaka kucheka kwa mazoea, ukashindwa. "Nilikutupia pipi."

"Nilizila."

Pazia la mlango wa nyuma lilisogea. Asumini alikuwa amesimama hapo, mwiko mkononi, uso umelowa.

"Nenda jikoni, mama," mzee alimwambia, bila ukali.

"Pilau imeiva, baba. Na mimi nampenda."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ulicheka."

Mzee alifunika uso kwa kofia yake. Walimsikia akivuta pumzi. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea peke yake.

"Watani wanaoana, sikatai. Mjomba wangu mwenyewe alioa Mnyamwezi. Lakini neno limekwisha kunitoka. Jana nilikwenda kibanda cha simu nikampigia mshenga, nikamwambia ndiyo, waje tu wale, waondoke na furaha. Watu wametoka Mwanza alfajiri. Ni watu wa kwetu, baba zetu walizikana. Nitawaambia nini? Kwamba nilidhani natania?"

"Waambie ukweli," Asumini alisema.

"Ukweli upi, mwanangu? Kwamba masikio yangu yalikuwa na nta?" Alimgeukia Mayige. "Nawe usidhani ni hilo tu. Siku ile ya matanga mimi nilikuwa nimekwisha kufa. Nilibaki kuzikwa tu. Ukaja wewe na hii takataka kichwani, ukanitukania mwanangu, na nikarudi. Tangu siku hiyo nikijilaza najiambia, siku yangu ikifika yupo mtani, atakuja na upuuzi wake, binti yangu atacheka, atakula uji. Nilikuwa nalala kwa hilo. Mkwe haruhusiwi kunicheka, Mayige. Mkwe hukaa kando na kuinamisha kichwa. Leo umekuja kuniomba binti, na umemtoa mtani wangu nje kwa mkono wako mwenyewe. Nimebaki na nini mimi?"

Mayige hakuwahi kuliwaza hilo. Alikuwa amekuja na jiwe la kuvunja kicheko cha mzee, hakujua kwamba mzee alikuwa anakaa ndani yake. Alinyoosha mkono akaishika mashine.

"Niichukue basi," alisema haraka. "Mzee, niichukue tena. Hatukuonana leo. Nitakuja kesho na matusi."

Mzee alitikisa kichwa.

"Nimeshasikia, baba. Utanitukana, nami nitakuwa natafuta huzuni yako chini ya tusi. Haitakuwa utani tena. Iache hapo."

Mayige aliuondoa mkono wake.

Walikaa hivyo, watu watatu wanaopendana, katika duka lenye harufu ya sabuni na bizari, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kufanya. Kutoka barabarani zilisikika honi za malori. Kila honi iliwashtua, kisha lori likapita.

Hatimaye mzee aliinuka kwa shida, akavaa kofia.

"Hii mashine sasa iko kwangu, na mimi siijui," alisema. "Mwonyeshe Asumini inavyotunzwa. Wageni hawajafika." Akawapa mgongo, akaanza kupanga upya rafu ya sabuni ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Asumini aliweka mwiko chini. Alichukua daftari jipya kutoka rafu ya vifaa vya shule, akachukua kalamu, akasimama upande wa pili wa kaunta.

"Sema," alisema.

Mayige aliunyanyua waya wa betri.

"Usiichomeke ukutani. Wala kwenye jenereta. Umeme wa huku ni mkali, haiuwezi. Betri ya gari peke yake."

Kalamu ilikwaruza. "Betri ya gari peke yake. Na ikipungua?"

"Picha itatetemeka. Usiilazimishe. Zima, peleka betri ikachajiwe, subiri siku moja."

"Subiri siku moja."

"Kaseti ikigoma usipulize kwa mdomo. Kila mtu hupuliza. Inawaka siku hiyo, lakini pumzi ina unyevu, meno yanaota kutu polepole. Tumia kitambaa na spiriti kidogo."

"Mimi nilikuwa napuliza," Asumini alisema, bila kuinua macho. "Ukitoka kwenda dukani kununua soda, nilikuwa napuliza."

"Najua. Nilikuwa nasafisha ukishaondoka."

Kalamu ilisimama. Mzee Maftaha alihamisha mche mmoja wa sabuni kutoka kulia kwenda kushoto.

"Endelea," Asumini alisema.

"Msimu wa pamba ifunike na khanga, nyepesi, isiyopaka rangi. Usiifunike ikiwa bado ya moto. Picha ikipanda, ule msumari wa nyuma ya televisheni. Polepole. Ukigeuza kwa hasira inapanda zaidi."

"Nausahau upande."

"Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwa televisheni?"

"Kushoto kwako. Upande ninaokaaga mimi."

Aliandika. Tone lilidondoka kwenye karatasi, wino ukatawanyika, akaandika pembeni yake.

"Na kile kishikio changu?"

"Nimekitia karatasi mpya. Itadumu mwaka, labda na nusu. Ikilika kitufe hakitasikia. Utabonyeza na kindege hakitapanda. Hapo tafuta pakiti ya sigara…" Alisimama. Alitaka kusema amwite, akajua hatamwita. Baada ya mwaka na nusu atakuwa Mwanza, kwenye nyumba ya mtu mwingine. "Tafuta pakiti ya sigara, ile karatasi ya ndani. Kata ndogo kama ukucha."

"Kama ukucha wa nani?"

"Wako."

Gari lilisimama nje. Safari hii halikupita. Milango ilifunguliwa, sauti za wanaume zikasema, "Ni hapa, ni hapa." Mzee Maftaha aligeuka kutoka kwenye rafu, akakisimamisha kile kikombe kilicholala, akanyoosha kanzu.

Wageni waliingia wanne, wakinukia marashi na vumbi la safari. Mshenga, mzee mnene mwenye fimbo, alitoa salamu ya watu wa Pwani, ndefu, na Mzee Maftaha akaijibu yote. Kisha macho ya mshenga yakaangukia kaunta, kwenye mashine, kwenye nyaya, kwa kijana aliyesimama na mikono mitupu.

"Na huyu bwana ni nani? Ni wa nyumbani?"

Mayige alimtazama mzee. Kwa miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeingia duka lile asiambiwe kwa kelele, huyu mwizi wa ng'ombe ni mtani wangu, fungeni mifuko.

"Fundi," Mzee Maftaha alisema. "Ameleta mashine ya marehemu. Ameshamaliza."

"Ahsante sana, fundi," mshenga alisema kwa upole, akampisha mlangoni.

Mayige aliinamisha kichwa kwa wageni. Aliinamisha kwa mzee pia, nusu ya mwili, kama mkwe, kwa sababu hakujua tena salamu iliyobaki kati yao. Alifika kizingitini.

"Fundi."

Ilikuwa sauti ya Asumini, wazi, mbele ya wageni wote. Wanaume wanne waligeuka. Alikuwa bado amesimama nyuma ya kaunta na daftari wazi, na mtandio umemwangukia mabegani, wala hakuuinua.

"Hukuniambia ikizimika kabisa nifanye nini."

Mayige alikuwa na miaka tisa kwenye ufundi. Alikuwa ameambiwa na watu wengi kwamba redio zao zimekufa, na hakuwahi kumrudisha mtu bila neno la matumaini, hata la uongo. Sasa alilitafuta moja. Mzee Maftaha alikuwa anatazama sakafu.

"Ikizimika kabisa," alisema, "usimpe mtu aifungue. Wataifungua, wataharibu na kile kilichokuwa kizima. Iache kama ilivyo."

Aliwapisha njia watoto waliokuja kulishangaa gari, akashika barabara ya soko. Dukani, wageni walipokuwa wanakaribishwa kuketi, Asumini aliinamia karatasi na kuliandika na hilo.